Miaka ya Kabla ya Check Namba

Muuguzi aliyefanya kazi miaka tisa hospitali binafsi akiitwa kazini na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, akapangiwa kituo cha afya huko Bahi, anapokelewa kama mwajiriwa mpya. Daraja la kuanzia, mshahara wa kuanzia, miezi 12 ya majaribio. Ile miaka tisa inabaki kwenye bahasha ya vyeti.

Aliomba mwenyewe, sikatai. Tangazo lilisema daraja la pili, ndilo hilo la kuanzia, na hakuna aliyemburuta, na sote tunajua benki zinavyowachangamkia kwa mikopo wenye check namba, ile namba ya mtumishi kwenye mishahara ya serikali. Ila akifika kazini hafanywi mgeni hata kidogo. Mama mjamzito akizidiwa usiku anaitwa yeye, kwa sababu mikono yake inajua. Uzoefu wake unatumika tangu wiki ya kwanza. Kwenye malipo ndipo unaposahaulika.

Kwenye likizo napo kuna jambo. Kwa idadi ya siku hajapoteza kitu, siku 28 kwa mwaka alikuwa nazo kule na anazo huku. Kinachomuumiza ni foleni. Ratiba ya likizo ikibandikwa ukutani, Desemba na Juni, shule zinapofungwa, zimeshachukuliwa na wakongwe wa kituo, wengine wadogo kwake kwa umri na kwa kazi. Yeye anaandikiwa Februari, watoto wakiwa darasani. Hakuna waraka unaolazimisha hivyo. Ni mazoea tu, na mganga mfawidhi anaweza kuyaacha kesho asubuhi bila kuomba kibali Mtumba, kwenye ofisi za wizara huko Dodoma.

Suala la daraja linahitaji Utumishi wenyewe, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma. Hoja ninayoisikia sana ni barua za kughushi: ukihesabu uzoefu wa sekta binafsi, kila mtu ataleta barua ya miaka kumi. Sawa, barua tuziweke kando. Taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa anamlipia nani. Kwenye pensheni upo utaratibu wa kujumuisha vipindi vya michango ya NSSF na PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ili mtu atimize miezi 180 ya kuchangia inayohitajika apate pensheni. Kama miezi hiyo inaaminika siku ya kustaafu, kwa nini isiaminike siku ya kuripoti? Sidai apewe cheo cha mtu. Nusu tu ya miaka iliyothibitishwa ikihesabiwa anapopangiwa daraja, ningeridhika.

Na wewe ambaye jina lako limetoka juzi, usiondoke kwa mwajiri wa zamani kwa furaha tupu. Dai malipo ya siku za likizo ulizozifanyia kazi na hukuzichukua, dai na cheti cha utumishi. Vyote viwili vimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Muda wa kuripoti ni mfupi, na ukishafika Bahi, kumfuatilia mhasibu wa Dar es Salaam kwa simu ni kazi nyingine isiyo na mshahara.