Nilivyomuua Shangazi kwa Neno Moja

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: jedwali la mistari 900 na ushei, safu ya kushoto Kiingereza, safu ya kulia tupu inangoja Kiswahili changu. Ilikuwa programu ya simu ya vikundi vya VICOBA, vile vya majirani kuweka akiba na kukopeshana. Hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, yaani lile sanduku la kufuli tatu lilikuwa linahamia kwenye simu. Wenyewe walitaka itoke siku moja kwa Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda. Malipo kwa neno.

Ukilipwa kwa neno huna muda wa maswali. Mwenzangu wa Kifaransa kila siku anauliza: hili linakaa wapi, ni kitufe au ni kichwa cha ukurasa? Nikawa namcheka kimoyomoyo. Yeye yuko mstari wa 60, mimi niko wa 300 na chai nimekunywa.

Asiyeifanya kazi hii hajui tunayokutana nayo. Unapewa "Right". Kulia? Sahihi? Haki? Hakuna wa kukuambia, kwa sababu maneno yameng'olewa kwenye programu kama meno, yakapangwa mstari. Halafu mashine inataka "fulani imefutwa" moja tu itumike kwa kila kitu, kana kwamba ngeli ni mapambo. Mkopo imefutwa, mwanachama imefutwa, mwenyekiti mzima na heshima zake, imefutwa. Kitufe cha "Thibitisha malipo" nacho kilikuwa na nafasi ya herufi 15, kikatoka "Thibitisha mali". Kuna wazee walikataa kata kata kukibonyeza, wakidhani wanaandikisha nyumba.

Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa mstari wa 412, neno moja: "Late". Juu yake kulikuwa na mfuko wa maafa, chini yake rambirambi. Wewe ungeandika nini? Nikaandika "Marehemu", nikashuka wa 413.

Kikundi cha kwanza kuijaribu kilikuwa cha shangazi yangu, Mbagala. Mimi ndiye niliyewashawishi. Wiki tatu mambo yakaenda vizuri, kwa sababu kila mtu alikuwa analipa kwa wakati.

Jumamosi moja asubuhi katibu akanipigia.

"Mwanangu, pole sana."

"Pole ya nini, mama?"

"Ya shangazi yako. Jikaze, wewe ndiye mwanaume."

Nikapiga simu ya shangazi, haipatikani. Nikapanda daladala nalia, konda hata nauli hakunidai.

Nafika, nakuta turubai linasimamishwa uani, mikeka imetandikwa, sufuria tatu kubwa ziko chini ya mwembe. Mlango una kufuli, kwa hiyo ilishakubalika kwamba mwili uko hospitali. Nikakaa na wanaume. Hapo ndipo nilipojua kwamba msiba haukuwa mmoja. Wanachama watatu wamekwenda kwa mpigo, na ukishapata vifo vitatu ajali haiko mbali: ilishapatikana, ilikuwa ya basi, na jamaa mmoja aliapa ameiona kwa macho yake.

Kwenye mikeka ya wanawake kulikuwa na mjadala mwingine.

"Siku tatu amekufa hatuambiwi! Ndiyo ujirani huo?"

"Siku tatu? Mbona jana nimemuona gengeni ananunua bamia?"

Kimya. Kisha mmoja akavuta khanga yake vizuri: "Basi uliyemuona siye yeye."

Nikamuuliza mzee aliyekaa pembeni yangu, hizo siku tatu zimetoka wapi? Akanipa simu yake. Ujumbe ulianza na jina la shangazi, ukafuata hivi: "Marehemu. Siku 3. Faini Sh 2,000."

"Kinachoniuma," mzee akasema, "ni hiyo faini. Mtu amekufa, bado wanamtoza!"

Ndugu zangu, jasho lililonitoka ni la mtu aliyeona mwandiko wake kwenye barua ya kutisha. Mstari wa 412. Aliyechelewesha rejesho, siku tatu, faini. Neno lilitakiwa liwe "Amechelewa". Nikatazama chini ya ujumbe, nikakuta mmoja wa wale marehemu ameshajibu tangu saa moja asubuhi: "Sijafa, nalipa Jumatatu." Hakuna aliyemsoma, wote walikuwa wanachangisha.

Sijapata hata pa kuanzia kueleza, bajaji ikasimama. Shangazi huyo anashuka na kikapu, katoka Kariakoo, simu imeisha chaji. Akaona turubai kwake, sufuria zake, na mimi nimekaa nimeshika kichwa. Kikapu chini, mikono kichwani:

"Uwiii! Nani tena jamani, nani kaniacha?"

Akajitupa kwenye mkeka kulia na wenzake. Sekunde kama tano hivi walilia naye vizuri tu. Kisha yule wa bamia akageuka kumfariji, akaona anayemfariji. Mkeka ulibaki na shangazi peke yake na ndala za watu wengi.

Ilinichukua saa nzima kueleza, nusu ya muda huo nikiwa nyuma ya mwembe kwa sababu shangazi alikuwa ameshika mwiko. Wali ulikuwa umeshaiva, ukaliwa. Jioni mweka hazina, mama asiyesahau deni, akafungua daftari lake la zamani.

"Haya, dada, tumefurahi uko hai. Ile faini?"

Shangazi akajifuta mdomo taratibu.

"Mimi ni marehemu, mmeniandika wenyewe. Deni la marehemu linalipwa na nani?"

"Na warithi."

Wote wakanigeukia. Nikatoa simu, nikaandika Sh 2,000, nikabonyeza "Thibitisha mali".