Alan Marlatt na bishano la tone moja

Bishano hili kwenye matibabu ya ulevi halijaisha mpaka leo, mtu aliyeacha pombe akionja tone moja tu ndo basi tena? Aliyelichokonoa kwa miaka mingi ni mwanasaikolojia Alan Marlatt, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alifariki 2011, na mimi naona alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa ila sio yote.

Mwaka 1973 yeye na wenzake waliwaita watu, wengine walevi kabisa, eti waje kuonja vinywaji. Kuna walioambiwa hii vodka na toniki (soda chungu isiyo na pombe) kumbe glasi ina toniki tupu, kuna walioambiwa toniki tupu kumbe vodka imo. Waliokunywa sana ni wale walioamini ni vodka, iwe imo au haimo, yaani sio tone lililowasha moto, ni kichwa. Ndo akashikilia kwamba kuteleza si kuanguka, na anayemaliza chupa nzima mara nyingi ni yule aliyeshajiambia "nishaharibu, bora niendelee tu".

Wanaosema acha kabisa nao wana hoja, na siwabezi hata kidogo. Maabara ni glasi chache za muda mfupi, ila kuna mtu ambaye mwili umeshazoea pombe mpaka akiikosa anatetemeka, anapata degedege, na anaweza kufa, huyo kumwambia ajipimie anywe kidogokidogo ni kumtupa. Afu sifuri ni rahisi kuishika, huhesabu glasi wala hubishani na nafsi yako kila jioni.

Marlatt alikuwa pia kwenye utafiti wa 2009 wa jengo moja la Seattle, walevi wasio na makazi walipewa vyumba na wakaruhusiwa kunywa humohumo. Gharama za jela na hospitali zilishuka, na kunywa kwenyewe kukapungua taratibu. Kweli, walilinganishwa na waliokuwa kwenye foleni ya kusubiri vyumba, haikuchezwa bahati nasibu nani apate chumba, kwa hiyo matokeo yale tuyashike kwa tahadhari.

Kinachoniuma mimi ni vituo vinavyomfukuza mtu siku akiteleza. Marlatt aligundua wengi hurudia wakiwa na huzuni au hasira, wakigombana na mtu, au wakishawishiwa na wenzao, sasa ukishamfukuza, nani atamuuliza jana kabla ya ile glasi kulitokea nini?