Mkutano mkuu wa wafugaji nyuki uanzie kwenye mizani

Ratiba ya mkutano mkuu wa mwaka wa kikundi cha wafugaji nyuki, kwetu Tabora, wanachama wengi wanaijua kwa moyo: sala, utambulisho wa wageni, taarifa ya mwenyekiti, taarifa ya mhazini, mengineyo, chakula. Mhazini husoma mapato kwa shilingi, matumizi kwa shilingi na salio la benki, makofi yanapigwa, basi. Zimerinwa kilo ngapi? Kutoka mizinga mingapi? Hilo halisemwi, na naamini hapo ndipo vikundi vinapoanza kufa. Taarifa ya fedha isiyo na kilo nyuma yake haihakikiki hata kama mhazini ni mwaminifu kama malaika.

Tuanze na ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali iliyoiva haina kilo 20, ina kilo 28 hivi, kwa sababu lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Tuchukulie kikundi kimejaza ndoo 30. Katibu akiandika "lita 600" na mkaguzi akazisoma kama kilo 600, zimepotea kilo 240 kwenye karatasi bila mtu kugusa stoo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 8,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 1,920,000. Na wala si lazima pawe na mwizi. Mnunuzi anakuja na ndoo zake, anataja bei "kwa ndoo", zinajazwa mpaka asali inagusa mfuniko, na kila mtu anaondoka akidhani biashara imekwenda vizuri.

Dawa yake ni mizani ya kuning'iniza na daftari. Ndoo ipimwe kwanza ikiwa tupu pamoja na mfuniko wake, uzito huo uandikwe ubavuni kwa kalamu isiyofutika pamoja na namba ya ndoo. Ikijaa ipimwe tena, uzito wa ndoo utolewe, kinachobaki ndicho kinachoingia daftarini. Watie saini watatu: mrinaji, mtunza stoo na mwanachama mmoja asiye kiongozi. Karatasi hiyo ndiyo inayopaswa kusomwa kwenye mkutano kabla mhazini hajafungua mdomo. Akija na shilingi zake, mwanachama wa kawaida agawanye kwa kilo na aone kama bei iliyotoka ndiyo ile waliyokubaliana. Mhazini asiwe mtunza stoo. Kikundi kikiwa na watu wachache kiasi gani, nafasi hizi mbili haziwezi kukaa kwa mtu mmoja.

Cha pili ni mizinga yenyewe. Wiki moja kabla ya mkutano, watu watatu wasio viongozi waende kwenye manzuki, yaani eneo ilikotundikwa mizinga, jioni, jua likiwa limepoa, wakaihesabu yote. Kila mzinga uwe na namba iliyochomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao wa mbele, kwa maana rangi hubanduka na ugomvi wa "huu ni wangu binafsi" hauishi. Hawana haja ya kufungua. Wasimame pembeni ya tundu, si mbele yake, waangalie kwa dakika tano. Wakiona nyuki wanaoingia wamebeba chavua miguuni, vidonge vya njano au rangi ya chungwa kwenye miguu ya nyuma, kuna majana (watoto wa nyuki) ndani yanayolishwa, na malkia anataga. Wakiona nyuki wanaopigana mlangoni na kutoka kwa haraka, huenda kundi limedhoofika na linaibiwa asali. Utando kama wa buibui na vinyesi vyeusi vidogo vinaonyesha nondo wa nta wameshachukua nyumba. Mzinga ulioanguka, waya umekatika na masega yametapakaa, hiyo ni kazi ya nyegere.

Matokeo yaandikwe kwa mafungu manne: yenye nyuki, mizima lakini mitupu, mibovu, isiyoonekana. Kikundi kinachojisifu kuwa na mizinga 120 wakati yenye nyuki ni 55 kina mizinga 55. Vikundi vilivyochukua mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, vina sababu zaidi ya kuujua ukweli huu, kwani rejesho hulipwa na nyuki, si na mbao zilizotundikwa mtini.

Kisha muulize nta iko wapi. Mahali ambapo masega hukamuliwa, kilo 10 za asali huacha karibu kilo 1 ya nta. Kikundi kilichouza kilo 800 za asali bila hata shilingi moja ya nta kimetupa makapi porini, au kuna mtu anayeyapika kwake. Yapikwe kwa kikundi: maji kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, moto mdogo (nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi), kuchuja kwa gunia safi, kisha kuacha ipoe taratibu. Sufuria ya chuma chenye kutu au ya shaba huharibu rangi ya nta na bei kushuka.

Malalamiko ya ubora nayo yaletwe wazi. Asali inayochacha stoo kwa kawaida ilirinwa mbichi, masega hayajafunikwa, au ndoo iliachwa wazi ikanyonya unyevu. Kiwango cha kimataifa ni unyevu usiozidi asilimia 20. Kama hakuna kifaa cha kupimia, angalau liwepo sharti kwenye katiba: sega lisilofunikwa kwa nta robo tatu lirudi mzingani, na lenye majana lisiguswe. Chupa ndogo ya sampuli kutoka kila ndoo ihifadhiwe na namba yake, mnunuzi akilalamika mjue ni ndoo gani na ni nani aliyerina siku hiyo.

Ugomvi mkubwa kuliko yote, hata hivyo, huwa wa gawio. Wanane wamekesha porini wakirina, wameumwa, wamebeba. Ishirini walikuwa nyumbani. Mwisho wa mwaka wote wanapata sawa. Kwa maoni yangu kurina ni kazi, ilipwe kama kazi. Mkutano upange posho ya usiku mmoja wa kurina, iingizwe kwenye gharama pamoja na ndoo na usafiri, na kinachobaki ndicho kigawanywe kwa hisa. Anayerina kwa kuwasha mienge ya nyasi badala ya bomba la moshi la kutulizia nyuki asilipwe. Moto wa namna hiyo unaua kundi, unaacha harufu ya moshi kwenye asali, na mara nyingine unateketeza msitu mzima.

Wakulima wa tumbaku waalikwe, tena wapewe nafasi ya kusema. Kuni za kukaushia tumbaku zinatoka kwenye misitu ileile ya miombo inayotupa asali, na dawa ikipulizwa asubuhi wakati wa maua huua nyuki walio shambani. Mapatano ya kupuliza jioni na kutoa taarifa siku mbili kabla yanawezekana, lakini hayaji yenyewe, yanaombwa mbele ya watu na kuandikwa.

Mkutano huu ufanyike Agosti. Mavuno makubwa, yanayotokana sana na maua ya mti wa muva, yanakuwa yamesharinwa na kuuzwa, na mtundu, mti mwingine wa miombo, bado haujachanua. Mkikutana Desemba, maazimio ya kukarabati mizinga yanakuta makundi yanayotafuta makazi yameshapita na kuingia kwenye magogo. Agosti kuna muda wa kukwangua nta kuukuu, kuchoma kuta za ndani kidogo kwa moto kuua mayai ya nondo, kupaka nta mpya kwenye viunzi (vipande vya mbao vya juu ambako nyuki huning'iniza masega) na kuzunguka tundu, na kupaka grisi kwenye nyaya kuzuia siafu.

Na kama mkutano utaamua kununua mizinga mipya ya viunzi, wajumbe wasiidhinishe kwa kuangalia rangi. Upana wa kiunzi kwa nyuki wetu ni milimita 32. Kikizidi, nyuki hujenga masega yaliyopinda na kuunganisha viunzi viwili, na siku ya kurina kila unachoinua kinakatika na majana yanamwagika. Toeni viunzi 10, vipangeni vikigusana, wekeni rula juu yake. Viwe sentimita 32. Vikiwa 34, mizinga irudi kwa fundi kabla malipo hayajasainiwa.