Taa za Dagaa na Chembe za Geneva

Usiku wa giza, ukisimama Capri Point, taa za wavuvi wa dagaa hukuonyesha walikotawanyika ziwani. Wamevua kiasi gani, hilo hujulikana asubuhi, kwenye mizani ya mwaloni Kirumba. Nalikumbuka jambo hili kila tunapojadiliana, sisi tunaofundisha fizikia Mwanza, kama shule zinunue miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomfanya mvaaji ajione yumo ndani ya picha ya kompyuta.

Wanaoitaka wana hoja nzito. Kigunduzi cha ATLAS, mtambo unaonasa alama za chembe ndogo kuliko atomu zinapogonganishwa, chini ya ardhi karibu na Geneva, kina urefu wa mita 46 na uzito wa tani 7,000. Mchoro wa ubaoni haumfikishi mwanafunzi wa Nyegezi kwenye ukubwa huo. Injini za gemu, yaani programu za kutengenezea michezo ya kompyuta, zinamfikisha. Programu ya Belle II VR, iliyojengwa kwa injini iitwayo Unity, inamwingiza mtu ndani ya kigunduzi kilichoko Tsukuba, Japani. Elektroni na positroni, pacha wake wenye chaji chanya, zinagongana mbele yake, naye anausimamisha muda, anazunguka, anaona chembe ipi imeishia safu ipi. Hata mtafiti hunufaika: njia mbili za chembe zinazoonekana kukatana kwenye skrini bapa, akizizunguka hukuta zimepishana mbali.

Lakini chembe ya Higgs, iliyosakwa huko Geneva kwa miaka, haikupatikana kwa kutazamwa. Tangazo la tarehe 4 Julai 2012 lilitokana na kuhesabu: migongano mingi mno, grafu, na kinundu kidogo karibu na GeV 125 (GeV ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hupimia pia masi ya chembe). Mgongano mmoja, hata ung'ae vipi, hausemi kama fotoni zake mbili, yaani chembe za mwanga, zimetoka kwa Higgs iliyovunjika au kwingineko. Hapo ndipo ninapoiogopa miwani: inampa mwanafunzi uhakika kabla hajaonja shaka.

Tena injini hizo zina wenyewe. Mwaka 2023 Unity ilitangaza ada mpya inayohesabiwa kwa usakinishaji, ikaifuta 2024 baada ya watengenezaji kupinga.

Mimi ningeanza na kompyuta tulizonazo. Tangu 2014 CERN, maabara yenye kigunduzi cha ATLAS, imeweka data wazi kwa umma, bure. Darasa lichukue migongano yenye muoni mbili (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), likokotoe masi ya chembe ambayo huenda imezizaa, lichore grafu lenyewe. Kilele cha chembe ya Z, karibu na GeV 91, kitajitokeza taratibu kadiri migongano inavyoongezeka. Miwani jozi moja ije baada ya hapo, izunguke shule kwa shule, na kila anayeivaa aulizwe kwanza: huu unaouona ni mgongano mmoja kati ya mingapi?