Zahanati ina akaunti, kalamu iko halmashauri

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya wa Tanzania, unaochangiwa na wafadhili, zinatoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Zamani zilipitia halmashauri, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, aliziona zikiwa tayari zimegeuka maboksi ya dawa na dizeli ya usimamizi. Kiasi hasa hakukijua. Mabadiliko hayo nayaunga mkono bila kusita. Kinachoniudhi ni kwamba tulihamisha fedha, uamuzi tukauacha ulipokuwa.

Tuseme bomba limepasuka kwenye chumba cha kujifungulia na fundi anataka shilingi 180,000 pamoja na koki. Kwanza matengenezo yawe yamo kwenye mpango wa mwaka ulioingizwa PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, chini ya kasma (kifungu cha bajeti) sahihi. Kamati ya usimamizi ya kituo ikae, akidi itimie, muhtasari usainiwe. Mara nyingi maombi hupanda tena wilayani kwa Mganga Mkuu, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji. Ndipo hati ya malipo iandikwe, watia saini wafunge safari ya benki, fundi alipwe, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipatikane na muamala uingizwe FFARS, mfumo wa hesabu za vituo. Bosi akisafiri bila kukaimisha ofisi, kila kitu kinalala, na wajawazito wanakuja na ndoo zao.

Mpango huo halmashauri ilikwisha kuupitisha mwanzoni mwa mwaka. Kuuombea ruhusa tena, bomba kwa bomba, ni kupiga muhuri juu ya muhuri. Kiwekwe kiwango, kwa mfano shilingi 500,000 kwa muamala, ambacho mfawidhi na kamati wanakimaliza wenyewe mradi matumizi yamo kwenye mpango. Mkaguzi wa ndani aje baadaye, tena kwa kushtukiza. Juu ya kiwango hicho, sina ugomvi na utaratibu wa sasa.

Watapinga kwamba muuguzi si mhasibu. Kweli, na makosa yake yanajulikana. Kubwa kuliko yote ni kutumia makusanyo kabla ya kuyapeleka benki: leo wagonjwa wamechangia 40,000, gesi ya jokofu la chanjo imeisha, basi hela inatoka mkononi kwenda dukani. Nia ilikuwa njema kabisa, lakini mwisho wa mwezi stakabadhi na slipu za benki hazikubaliani, na hoja ya ukaguzi imezaliwa. La pili ni usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki, kuachwa hadi robo iishe. Makato ya benki ya 3,500 ambayo hayakuandikwa mwezi wa kwanza yanasumbua watu watatu mwezi wa tatu. Halafu kuna dawa: zimenunuliwa dukani bila taarifa ya MSD, Bohari ya Dawa, kwamba hazipo ghalani, bila kupitia mshitiri, yaani msambazaji aliyeteuliwa, au zimepokelewa na kupangwa rafuni bila kuingizwa leja. Dawa ipo, mgonjwa kaimeza, ila kwenye karatasi ni upotevu.

Haya yote yanatibika kwa mtu mmoja: msaidizi wa hesabu wa zahanati nne au tano zilizo jirani, mwenye pikipiki, kila zahanati na siku yake katika wiki. Akifika aanze na kitabu cha stakabadhi, alinganishe na slipu, kisha taarifa ya benki, kisha leja ya dawa, na asiondoke kabla FFARS haijasoma kama daftari. Mshahara wake ubebwe na halmashauri. Ukikatwa kwenye fedha za zahanati, tutakuwa tumenunua mhasibu kwa fedha za paracetamol.

Muda wa kamati nao uangaliwe mapema. Ukiisha kabla wajumbe wapya hawajapatikana, hakuna wa kupitisha matumizi, na Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa, inakuta bakaa ya fedha ambayo wilayani wataiita uzembe wa mfawidhi.

Na kwenye ubao wa matangazo pabandikwe mapato na matumizi ya robo kwa shilingi, kitu kwa kitu. Asilimia hazimsaidii mtu. Aliyechangia matibabu ya kaya yake bei ya koki anaijua, na akiona imeandikwa mara tatu yake, atamuuliza mwenyekiti wa kamati palepale.