Mtihani wa leseni ya umeme Texas: acheni kukariri, zoeeni kitabu

Nikikaa na mafundi wenzangu wa Afrika Mashariki na Kongo hapa Texas, swali huwa ni lile lile: nikariri nini ili nipate leseni ya janimani, yaani fundi aliyemaliza uanagenzi ila bado yuko chini ya fundi mkuu? Nami jibu langu sijalibadilisha. Usikariri. Mtihani huu unaingia na kitabu, na mtunga maswali anajua kwamba unacho mezani. Anachopima ni kama unakijua vya kutosha kukifungua mahali panapotakiwa bila kubabaika.

Kitabu chenyewe ni NEC, kanuni za umeme za Marekani zinazochapishwa na NFPA, shirika la kinga dhidi ya moto. Zilianza mwaka 1897, na hurekebishwa kila baada ya miaka 3. Texas ilihamia toleo la 2023 tarehe 1 Septemba 2023. Kabla hujanunua kitabu, angalia mtihani wako unatumia toleo gani, maana majedwali huhamishwa. Jedwali la uwezo wa nyaya, ambalo sasa ni 310.16, katika toleo la 2017 lilikuwa 310.15(B)(16). Ukijifunzia kitabu kikuukuu ulichoachiwa na rafiki, unazoeza mkono kwenda mahali pasipo na kitu.

Mwanafunzi wa madrasa ukimtajia sura, mkono wake unakwenda kwenye juzuu yenyewe kabla hajafikiri. Ndivyo unavyotakiwa kuijua NEC. Ukisikia ethi, yaani waya wa ardhini, nenda sehemu ya 250. Mota, 430. Hesabu ya mzigo wa nyumba, katika toleo la 2023, 220. Bwawa la kuogelea, 680. Paipu ibebe nyaya ngapi, Sura ya 9. Maelezo ya ndani utayasoma palepale.

Chukua swali la mota, kwa sababu hapo ndipo mafundi wazoefu wanapopoteza alama. Mota ya fezi tatu, hp 25 (nguvu ya farasi), volti 460. Waya wake uweze kubeba angalau ampea ngapi? Fundi aliyefunga pampu na mashine za kusaga miaka mingi ataangalia kwanza kibati cha mota, kile kilichoandikwa vipimo vyake, na swali limemwekea ampea za kibati kwa makusudi, tuseme 31. Atachukua asilimia 125 yake, atapata 38.75, na jibu hilo atalikuta kwenye machaguo likimsubiri. Lakini kifungu 430.6 kinasema wazi kwamba katika kuchagua waya unafuata jedwali, si kibati. Jedwali 430.250 linatoa ampea 34. Kifungu 430.22 kinataka asilimia 125 ya hiyo, yaani 42.5. Wakiuliza na ukubwa wa waya, unakwenda 310.16, safu ya shaba ya nyuzijoto 75, unakuta namba 8 inabeba 50. Kibati nacho kina kazi yake, ila ni kwenye kinga ya mota isizidiwe na mzigo. Hakuna hata namba moja kati ya hizo iliyohitaji kulala kichwani mwako. Kilichohitajika ni kujua pa kwenda, na pa kwenda baada ya hapo.

Boksi la soketi ni vivyo hivyo: liwe na ujazo gani? Zinaingia kebo mbili za namba 12, kila moja ina nyaya mbili na ethi. Ndani kuna soketi moja na vibanio vya kebo. Nyaya ni 4, ethi zote mbili kwa pamoja zinahesabiwa 1, soketi inahesabiwa 2, vibanio 1. Jumla 8, kila moja inchi za ujazo 2.25, jibu ni 18. Anayehesabu kwa macho ataziona ethi mbili na ataziandika mbili.

Wapo wanaosema mtihani huu ni kizuizi walichowekewa wageni. Sikubaliani nao hata kidogo, na sababu yangu ni rangi za nyaya. Katika nyumba za zamani za kwetu, zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, nyekundu ni laivu, waya wenye umeme, na nyeusi ni nyutro. Huku nyeusi ndiyo laivu, nyutro ni nyeupe, ethi ni ya kijani au shaba tupu. Mkono uliozoea kuishika nyeusi bila hofu utamuua mwenyewe. Ongeza kwamba namba ya waya ikipanda waya unakuwa mwembamba, na kwamba nyumba moja ina volti 120 na 240 pamoja. Fundi mzuri wa Mombasa au Bukavu anajua umeme, hilo silibishi. Ila hapa lazima akubali kujifunza upya, na kitabu ndicho kinachomlazimisha.

Ndiyo maana zinaniudhi karatasi za maswali zinazosambazwa WhatsApp zikiwa na herufi ya jibu tu. Swali la mazoezi lina faida pale unapoandika kando yake namba ya kifungu ulichokitoa jibu. Ukikosa namba, hesabu kwamba umelikosa swali hata kama herufi ni sahihi. Fanya hivyo kila jioni, dakika chache, tangu ungali mwanagenzi, usingoje tarehe ya mtihani ikaribie.

Kuna na suala la saa. Texas inataka saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu mwenye leseni, na inaruhusu kufanya mtihani ukifikisha 7,000. Saa hizo zinathibitishwa kwa fomu yenye saini ya fundi mkuu mwenyewe. Namjua kaka mmoja aliyefanya kazi kwa uaminifu, kampuni ikafungwa, fundi mkuu akahama na simu hapokei tena. Jasho la miaka yote ile halina karatasi. Ukiondoka kazini, hata kama mmeachana kwa ugomvi, dai fomu isainiwe wiki hiyo hiyo. Na ninyi kaka na dada zetu mliofikia ufundi mkuu, wasainieni vijana saa zao bila kuwazungusha. Saa hizo wamezifanya, ni zao.