"Dwell" ni kukaa, si kuishi

Wafasiri wengi wakikutana na neno la Kiingereza "dwell", mkono hukimbilia "kuishi". Wanakosea, na asili ya neno lenyewe inaonyesha kwa nini.

Katika Kiingereza cha kale, "dwellan" halikuhusu nyumba hata kidogo. Lilikuwa na maana ya kumpoteza mtu njia, kumhadaa, kumkwamisha. Aliyepotezwa njia huchelewa, na anayechelewa mahali hubaki hapo. Waskandinavia waliohamia Uingereza nao walikuwa na "dvelja", ndugu wa neno hilo, kwa maana ya kukawia, wakazidi kulisogeza upande huo. Kufikia karne ya 13 "dwell" lilikuwa limeshapata maana ya kuwa na makazi.

Sasa litazame "kaa" letu. Ukisema "mama amekaa sana sokoni", hujasema ana nyumba huko, umesema amekawia. Mgeni hukaa kitini, mpangaji hukaa Buguruni, viatu vizuri hukaa miaka. Ni neno la Kibantu lililopoteza "l" yake njiani: Wagiriama bado wanayo katika "kala", nasi tunaiona ikirudi tunaposema "kalia". Hiyo hiyo ndiyo iliyogeuka "z" katika "mkazi" na "makazi", kama "lala" ilivyotupa "malazi". "Ishi" tumelipata kwa Kiarabu, na kiini chake ni uhai. Mtu huishi miaka 80. Kontena haliishi.

Na kontena ndilo linalowaumbua wafasiri. Kwenye taarifa za bandari kuna "dwell time", yaani siku ambazo mzigo unakaa bandarini tangu ushushwe melini hadi utoke getini. Andika "muda wa mzigo kukaa bandarini" na wakala wa forodha atakuelewa mara moja. "Muda wa kuishi" utamfanya afikirie samaki.

Waliotafsiri Biblia ya Union ya 1952 walilipima vyema. Yohana 1:14, pale Kiingereza cha 1611 kinaposema "dwelt among us", wao wameandika "akakaa kwetu". Kitenzi cha Kigiriki hapo kimetokana na hema, makao ya kupiga na kung'oa, kwa hiyo "akaishi" lingepunguza kitu.

Pale tu "dwell" linapofuatwa na "on" ndipo "kaa" hushindwa. "Kukaa juu ya jambo" si Kiswahili. Mtu anayelirudia kosa la zamani kila siku, sisi tunasema analing'ang'ania. Anayelieleza kwa kirefu, amelizamia.

Kwa anayejifunza Kiingereza: katika mazungumzo ya kawaida neno hili halitumiki kujitambulisha. "I dwell in Kinondoni" ni sarufi sahihi, lakini msikilizaji atahisi anasomewa kitabu cha kale. Sema "I live".